Yah: Ombi la Mtu wa Kuongea Naye

Mheshimiwa Profesa Mohamed Janabi,
Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika,
Brazzaville.

Kupitia kwa yeyote atakayeiona barua hii kwanza na akawa na huruma ya kuifikisha.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba radhi kwa kuthubutu. Muda wako sasa ni mali ya nchi 47, na mimi ni mfanyabiashara wa dagaa tu, mkazi wa Musoma, ambaye kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusikiliza redioni ukituambia tupunguze ugali, huku nimeficha mkono nyuma kwa sababu ya kilichokuwa mkononi. Pengine hujaambiwa, lakini saa saba mchana kwa mama lishe yeyote pale mwaloni Mwigobero jina lako hutajwa zaidi kuliko la mbunge. Mtu akiongeza chapati ya pili huulizwa kama amepata kibali chako. Hiyo ni heshima kubwa, Profesa. Ni viongozi wachache mno walioingia kwenye sahani za Watanzania namna hiyo bila kukaribishwa.

Pokea pia pongezi za mwalo mzima kwa kuchaguliwa kwako Mei 2025. Wengi walifurahi kwa ajili ya taifa. Wengine, ambao adabu inanizuia kuwataja, walifurahi kwa kuwa Brazzaville ni mbali, na siku hiyohiyo wakaagiza supu ya pili.

Sasa shida yangu. Mwishoni mwa 2022, muda mfupi baada ya wewe kukabidhiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi lake la Mloganzila lilianza kuwawekea watu puto tumboni, na baadaye upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ukafuata. Nchi ikajua kwamba unene nao una mlango wa hospitali. Mimi nilipasuliwa kwingine, mahali nisipopataja kwa kuwa sina kesi napo. Walikata vizuri na wakashona vizuri. Karibu robo tatu ya mfuko, au zaidi, ikaondoka, ukabaki mrija mwembamba, na pamoja na nyama hiyo ikaondoka sehemu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Miezi ya mwanzo, kwa kweli, nilikuwa mtu huru. Nilipita mbele ya samaki wa kukaanga kama anavyopita afisa wa serikali mbele ya foleni.

Nilipewa pia karatasi. Naiheshimu karatasi ile, nimeibandika jikoni. Kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha vitu vilivyosagwa, kisha vilaini, na vyakula vigumu baada ya wiki sita mpaka nane. Nyama, samaki, mayai na maharage vitangulie, wanga uje mwisho. Tafuna mpaka kitu kiwe uji. Usinywe ukila, subiri nusu saa. Vitamini ni za maisha yote. Vitu vitamu sana vinaweza kukutoa jasho na kukupigisha moyo mbio. Yote ni kweli, na mengine nimeyahakikisha kwa mwili wangu, hasa hilo la jasho.

Ila aliyeiandika, kwa heshima zote anazostahili, hajawahi kuwa mkwe wa mtu Butiama.

Naomba nikupeleke, Profesa, kwa dakika moja tu. Ni Jumapili, tumekaa uani. Mama mkwe amesonga ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule mweusi unaong'aa, ambao tangu tukiwa watoto tulifundishwa kuumeza, si kuutafuna. Pembeni kuna sato mzima. Mama haangalii mdomo wangu, anaangalia mkono: unakata tonge la ukubwa gani, na unarudi mara ngapi kwenye sahani. Mimi nimekata tonge la ukubwa wa kidole gumba, nalitafuna kwa utii wa karatasi, na uani pote hakuna sauti ila ya kutafuna kwangu. Mama ananawa mikono kabla hajashiba, jambo ambalo kwa mama mwenye nyumba si dogo. Kisha ananiuliza taratibu, "Mwanangu, nani amekukosea hapa?"

Hakukasirika. Aliogopa. Kwetu Mara anayekataa chakula anatangaza ugomvi au anatangaza ugonjwa, na mimi kwa sauti yangu mwenyewe nilikuwa nimeapa kwamba siumwi. Tumefika mahali pa kuelewana sasa. Nakula samaki wote na tonge tatu, na yeye anawaambia majirani kwamba mkwe wake amepunguziwa tumbo na serikali. Nimeshindwa kumsahihisha.

Lakini penye shida si huko Butiama. Mbele za watu tumbo dogo lina walinzi wengi mno. Shida iko saa tatu usiku.

Dagaa wetu, kama unavyofahamu, huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukishapevuka taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu, mwalo unanyamaza. Siku hizo hakuna mzigo, lakini marejesho ya mkopo hayajui mbalamwezi. Nakaa mezani na daftari. Hesabu haifungi. Nalifunga daftari, na kabla sijaamua lolote mkono umeshafika kabatini. Ugali, hata ule wa tonge tatu, unanikaa kifuani. Biskuti zilizolowekwa kwenye chai ya maziwa hazinikai popote. Zinalainika, zinateleza, zinapita, pakiti nzima, na mrija wangu mwembamba haupigi hata kelele. Yule daktari alikata alichoombwa kukata. Mkono hakuugusa, wala daftari.

Naomba nieleweke: hiyo si njaa. Njaa naijua, tumekua nayo. Njaa huja polepole na haichagui, hata kiazi cha jana inakipokea. Hiki kingine huja ghafla, kinataka kitu kimoja tu na kinakitaka sasa hivi, na ukishakipa hakishibi. Kinanyamaza kwa muda, basi. Nacho sikukipata kwenye duka la biskuti. Nilikipata nyumbani, kwa watu walionipenda. Kwetu mtoto akilia anapewa maziwa mgando. Mwanamke akijifungua anapikiwa uji na supu. Akifaulu mtu, jogoo anachinjwa, akifiwa, majirani wanaingia na masufuria kabla ya kuingia na maneno. Hakuna jambo la moyo ambalo halikupitishwa jikoni kwanza. Mtu wa malezi hayo ukimwambia akate chakula nusu umemwondolea nusu ya faraja zake, na mpaka ninapoandika sijaona karatasi ya hospitali inayosema aweke nini mahali pake.

Hapa, Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kukukumbusha mambo unayoyajua kuliko mimi. Waswidi, ambao wamewafuatilia wagonjwa wao tangu 1987, walikuta kwamba uzito hufika chini kabisa mwaka wa kwanza au wa pili, kisha huanza kupanda tena kidogo kidogo, ingawa waliopasuliwa wanaendelea kuwa na afya na umri mrefu kuliko wenzao ambao hawakupasuliwa. Wamarekani nao, mwaka 2012, walichapisha kwamba matatizo ya pombe miongoni mwa wagonjwa wao yalikuwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji na yakafika asilimia 9.6 mwaka wa pili. Zipo sababu za mwilini, maana kwa aina fulani za upasuaji pombe huingia kwenye damu haraka. Ila mimi nikisoma mwaka wa pili naelewa na kitu kingine. Mwaka wa kwanza watu wanakusifu. Mwaka wa pili wameshazoea sura yako, na daftari liko palepale mezani.

Ninaye mwenzangu Bunda, mwenye duka karibu na stendi, ambaye yeye aliwekewa puto. Puto, wewe unajua, hukaa miezi sita, mengine mpaka mwaka, kisha hutolewa. Sasa fikiria mtu wa mawazo kama sisi anayeishi stendi ya Bunda. Basi la Mwanza likisimama tu, madirishani kunajaa mahindi ya kuchoma, mayai, mishikaki, karanga kwenye vikaratasi, na yeye hana safari, yuko hapohapo kutwa. Puto lilipotolewa aliniandikia ujumbe mfupi: "Dada, mlinzi kaondoka, wezi ni walewale." Tangu hapo tunaandikiana usiku. Akishikwa yeye ananiandikia, nikishikwa mimi namwandikia, tunabishana kuhusu mpira mpaka kile kitu kinapita. Wakati mwingine kinapita. Wakati mwingine anachelewa kujibu, na mimi najua yuko wapi.

Hiyo ndiyo huduma yote ya ufuatiliaji iliyopo kati ya Musoma na Bunda kwa sasa, nami naikabidhi kwako kama ilivyo. Timu iliyonipasua ni watu wema na simu wanapokea, lakini kuwafikia ni kulala kwenye basi.

Ombi langu basi ni dogo, nami naliomba kwa magoti. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo wazee wetu waliingoja hadi baadhi wakazikwa wakiingoja. Ikikupendeza, tia neno kwa wanaopaswa kutiwa neno, ili siku moja kila mwezi wakae hapo watu wawili: afisa lishe anayejua ugali wa muhogo ukoje kinywani, na mtu aliyesomea mambo ya akili na moyo. Mashine mpya hatuombi. Chumba chenye viti kinatosha, na tunaomba mizani ibaki nje ya mlango, kwa sababu wapo wanaokimbia kliniki si kwa kuogopa daktari bali kwa kuogopa ile mizani na sauti ya anayeisoma.

Najua kuna atakayesema mkoa wenye malaria na wajawazito wa kusafirishwa kwa bodaboda hauna nafasi ya kuwabembeleza waliolipia kukatwa matumbo. Ni hoja nzito na siidharau. Lakini chumba hicho hakitakuwa chetu peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliopitiliza, na wengi wao hawatapasuliwa kamwe. Watapewa karatasi. Mwenye kisukari anapewa karatasi, mwenye presha anapewa karatasi, na zote zinafanana na yangu: acha hiki, punguza kile. Nao wana saa tatu usiku.

Wala kukaa pamoja na kuzungumza si jambo geni kwetu. Mwaka 1973, chini ya Mwalimu Nyerere, yule mzee wa Butiama aliyeanzia shule hapa kwetu Mwisenge, watu walikusanywa kwa vikundi kuzunguka redio kwa ajili ya Mtu ni Afya, na miaka miwili baadaye kwa Chakula ni Uhai. Kipindi kikiisha hawakutawanyika. Walibaki wakijadili, mtu anasema nyumbani kwake inashindikana wapi, kisha wanachimba choo. Redio ilikuwa nusu ya kazi tu.

Nawe una redio kubwa kuliko zote sasa. Nakusihi usinielewe vibaya. Wewe hukumcheka mtu, waliokunukuu ndio waliocheka, na kitambi cha jirani kimekuwa kichekesho cha taifa kwa jina lako bila ya idhini yako. Mcheko huo, nakuhakikishia, haujawahi kumpunguzia mtu hata gramu moja. Mimi nilikuwa nikiusikia, naingia jikoni. Kwa hiyo pamoja na ombi la Kwangwa naongeza la pili, lisilo na gharama hata ya senti. Siku utakaposimama tena kutuambia tupunguze ugali, tuache soda, tuache juisi, tufunge saa kadhaa, mambo ambayo sina ubavu wa kuyapinga, tafadhali ongeza swali moja hapo mwishoni: na jioni unakaaje, na unakaa na nani? Ulize tu, halafu unyamaze kidogo. Utasikia Musoma yote imekohoa.

Naomba radhi tena kwa urefu wa barua hii. Mwezi umepevuka, kazi hakuna, na kuandika kunashughulisha mikono yote miwili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa,
Musoma.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Mara.
Nakala: Mwenzangu, stendi ya Bunda (ajibu haraka).
Nakala: Mama mkwe, Butiama (asomewe taratibu, na mahali pa serikali parukwe).