Sifa za Kushika Mkia

Waliosifu washindi ni wengi, na baadhi yao walilipwa kwa kazi hiyo. Mimi leo namsifu mshika mkia, na nakiri mapema kwamba nina maslahi: ndimi.

Zilikuwa mbio za barabarani za kilomita 10, Jumamosi asubuhi, kutoka upande wa Keumbu kwenda Keroka. Anayeijua barabara hiyo hahitaji kuelezwa. Asiyeijua atazame blanketi walilolalia watoto wanne kabla halijatandikwa: hiyo ndiyo Gusii. Kila mlima umebeba mwingine mgongoni, na mteremko unaojitokeza katikati ni mkopo tu, utaulipa na riba yake kwenye kona inayofuata.

Nianze na msafara. Katika nchi yetu, mtu kufungiwa barabara ni lazima awe mkubwa. Mimi nilifungiwa bila kupigiwa kura hata moja. Kuanzia kilomita ya nne nilifuatwa na ambulensi iliyowasha taa, ambulensi ikafuatwa na pikapu ya waandalizi, na pikapu ikafuatwa na matatu mbili, lori la chai, na Probox iliyojaza abiria mpaka wa mwisho akawa amekaa na dereva kiti kimoja. Zote kwa mwendo wangu. Aliyeongoza mbio alikuwa na pikipiki moja tu mbele yake, nayo ilikuwa inamkimbia.

Dereva wa ambulensi akatoa kichwa dirishani. “Mkubwa, ukichoka utuambie tu.” Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa mkubwa na mtu mwenye king'ora.

Vijana wa pikapu nao walikuwa wakiokota koni kila nilipozipita, wakikunja meza za maji, wakibandua mishale kwenye nguzo za stima. Barabara ilikunjwa nyuma yangu kama mkeka baada ya wageni kuondoka. Polisi, daktari, wauza ndizi, abiria wa matatu wenye haraka zao, wote walikuwa wanangoja mtu mmoja amalize ndipo dunia irudi ilivyokuwa. Mshindi hana uwezo huo. Mshindi akimaliza, hakuna kinachofunguliwa.

Twende kwenye hesabu, maana Mgusii ukimweleza jambo lisilo na hesabu atadhani unamwombea mchango. Ada ya kujiandikisha ilikuwa moja kwa wote. Yobes Ondieki, mwana wa Gusii, ndiye binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Ilikuwa Oslo, Julai 1993, dakika 26 na sekunde 58. Nampa heshima zake. Lakini umbali ule ule mimi niliula kwa saa moja na dakika 24. Ndiyo, uwanja wake ulikuwa tambarare na wangu haukuwa, lakini hata kwa mizani ya wachuuzi wa Keroka, ambayo nayo ina milima yake, aliyefaidi pesa yake ni nani? Aliyeshinda siku ile aliiona migomba kama rangi ya kijani iliyopita. Mimi ninaweza kukwambia ni mgomba gani ulikuwa umeegemezwa mti usianguke, na kwenye shamba la chai wachumaji walikuwa wangapi. Walikuwa saba. Mmoja alikuwa ameketi, na tulielewana.

Kwenye kilomita ya saba, mahali ambapo lami inasimama kama ukuta, nilipitwa na mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Hakuwa mbioni, alikuwa anaenda sokoni. Malapa miguuni, leso kiunoni, mkungu umetulia juu ya kata ya majani makavu ya mgomba bila kushikwa hata kwa kidole. Alikuwa anapumua kwa pua, mdomo umefungwa.

“Bwakire,” akanisalimu.

Nikataka kujibu, pumzi ikakataa. Nikainua mkono. Akaitazama namba kifuani mwangu, kisha ambulensi, kisha mimi.

“Sasa baba, hao wengine wako wapi?”

“Mbele, mama.”

“Wamekuacha?”

Ningemjibu nini?

“Basi njoo pole pole, Keroka haihami,” akasema, na yeye akaniacha.

Kwa hiyo nilikuwa nyuma hata ya watu ambao hawakushiriki. Wanaocheka hapo hawajawahi kuchunga. Mchungaji hutembea wapi? Nyuma ya ng'ombe. Atakayetangulia mbele na fimbo yake atafika nyumbani peke yake, na jioni ataeleza. Ukitazama kwa jicho la malishoni, wale mia na kitu waliokuwa mbele walikuwa mifugo yangu, nami niliwafikisha Keroka wote bila kupoteza hata mmoja.

Wahenga waliosema aliye juu mngoje chini walinisumbua kidogo. Nilimngoja chini sana. Hakushuka. Alifika juu, akapewa bahasha, akabadilisha nguo. Nilipokuwa kilomita ya nane nikamwona anateremka, ndani ya Probox, anakula muwa, akanipungia mkono. Methali ilitimia, ila si kwa namna niliyoitarajia.

Na asije mtu kuniletea hadithi ya kobe na sungura. Kobe ni msaliti. Alikuwa mtu wetu kabisa, mwendo wetu, umbo letu, halafu akapanga ndugu zake njiani akashinda kwa hila. Afadhali Nyandika Maiyoro, ambaye alitutoka kwa haki. Mzee huyo wa Kisii alikwenda Madagaska mwaka 1953, na katika mbio za mita 3,000 alichelewa kuanza; wenzake walikuwa wameshaondoka yeye bado. Akawafuata, akawapita wote, akashinda. Wengine husifu ule ushindi. Mimi nazisifu zile hatua za mwanzo, uwanja mzima ukimtazama yeye peke yake, mkia wote mkononi mwake. Bahati mbaya hakudumu. Miaka mitatu baadaye alikuwa kwenye Olimpiki ya Melbourne, wa saba duniani katika mita 5,000, keshatusahau.

Tatizo la eneo hili ni hilo hilo: nafasi za mbele zimeshazoeleka. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki ililetwa na Naftali Temu wa Nyamira, mita 10,000, Mexico City, Oktoba 1968, katika mji uliokaa mita 2,240 juu ya bahari, ambako wakimbiaji wa nchi za tambarare walikuwa wanaitafuta hewa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kwa mtoto wa milima hii, hiyo ilikuwa hewa ya nyumbani. Baada ya hapo mtu akikwambia jirani yake ameshinda mbio, unauliza mbio gani, unaendelea kumenya ndizi.

Lakini wiki moja tu baada ya dhahabu hiyo, katika mji huo huo, ilikimbiwa marathoni. Temu mwenyewe alikuwemo, akamaliza wa 19. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda. Watu wakaanza kuondoka uwanjani, kiza kikaingia, na zaidi ya saa moja baada ya mshindi akaingia John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka njiani, goti limefungwa bendeji, anachechemea. Alikuwa wa 57, wa mwisho. Sasa niambie, bila kumuuliza mtu: wa pili alikuwa nani? Alikuwa Kenji Kimihara wa Japani, mkimbiaji hodari, nami ilibidi nitafute. Akhwari hatafutwi na mtu yeyote Afrika Mashariki.

Kwa haki inanipasa nitofautishe hapa. Akhwari alikuwa na jeraha. Mimi nilikuwa na chapati tatu.

Kuna jambo moja sikutaka kuliandika. Kilomita ya tisa, nikiwa katikati ya kuzipanga hoja hizi zote kichwani, nilimwona mtu mwenye namba ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, amevua kiatu anakung'uta changarawe. Mtu mbele yangu! Mkia wangu ulikuwa hatarini. Mtu mwenye msimamo angepunguza mwendo, au angeketi naye. Mimi nilikimbia. Nilimpita kwa kasi ambayo sikuionyesha tangu Keumbu, macho mbele, bila hata salamu, moyo ukinidunda kwa furaha ya aibu. Nikamsikia dereva wa ambulensi akicheka. Mita mia mbili baadaye yule bwana, kiatu chake kimefungwa vizuri, akanipita tena na kuniambia, “Pole, ndugu.” Nikarudishiwa cheo changu.

Keroka ni mji unaodaiwa na kaunti mbili. Kisii wanasema ni wao, Nyamira wanasema ni wao, na ubishi huo ni wa miaka. Mimi nilipoingia hapakuwa na kaunti iliyonidai. Hema lilikuwa limeshushwa, spika ziko juu ya pikapu nyingine, medali zimekwisha. Yule mama wa ndizi alikuwa tayari amepanga mafungu yake juu ya gunia, amebakiwa na nusu ya mkungu. Akaniona, akacheka, akanirushia ndizi moja mbivu.

Kwenye mstari wa mwisho kijana mmoja alikuwa anahangaika peke yake na bango la kitambaa, upande mmoja ameshauachia chini, mwingine umening'inia kwenye mlingoti. Sijui kama nilipita chini yake au juu yake.

“Mzee,” akaniambia, “hebu nishikie huko mwisho tulikunje.”

Nikaiweka ndizi mfukoni, nikashika.