Suuza kwa Maji Mengi

Aliyeandika maagizo ya kondishena hajawahi kuishi mtaa wa Rhonda hapa Nakuru, na nina neno naye. Kwenye chupa yangu ameagiza hivi: paka nywele zote kwa wingi, subiri dakika tatu, kisha suuza kwa maji mengi. Maji mengi! Huku kwetu ukisikia mtu akitaja maji mengi, ujue mvua ya Aprili imemwingilia nyumbani. Ya kuogea tunanunua kwa mtungi wa lita 20, na mfereji wa ploti ukikauka, bei ya mtungi hupanda ukiwa bado njiani kwenda kwa muuzaji.

Nakuru ni jiji tangu Desemba 1, 2021. Hati tulipewa, hotuba tukazisikiliza, vigelegele tukapiga. Mfereji wetu nadhani haukualikwa. Hutoka usiku wa manane, siku unayoitaka wenyewe, na hapo kila mama wa ploti yuko nje na kanga na ndoo. Nani atakumbuka nywele saa hiyo? Na usiniambie habari ya visima. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yamejaa floraidi, ndiyo maana wengi wetu tuliozaliwa huku tuna meno ya rangi ya chai. Hiyo rangi tulitiwa bure, bila kukanyaga saluni.

Msusi wangu haya yote hayamhusu. Nikikaa tu kitini, anaupandisha unywele mmoja kwa vidole viwili, anauangalia kama daktari anayesoma picha ya eksirei.

“Mamaa, hizi nywele zina kiu.”

Hata mwenyewe nina kiu, namjibu. Hasikii. Ameshaanza kunihesabia: kuna ya protini, kuna ya unyevu, kuna ya kusuuza, kuna ya kuacha humohumo kichwani, na kuna ya kukalia na mvuke. Kichwa nilichozaliwa nacho ni kimoja.

Basi ukiingia dukani kuchagua, utakutana na parachichi. Kila chupa ina picha ya parachichi lililopasuliwa, kijani mpaka mate yanakutoka. Mimi huigeuza chupa nikasoma mgongoni, maana viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza ni maji. Yaani ninunue maji, niyapandishe matatu hadi Rhonda, niyapake kichwani, kisha nitafute maji mengine ya kuyatoa! Parachichi lenyewe liko mkiani huko, nyuma ya manukato. Kuna jirani aliyenishauri niponde parachichi la kweli nijipake. La kweli mimi nalila na githeri. Na huyo jirani hajawahi kuchokora vipande vya parachichi kwenye nywele za kipilipili akiwa na nusu mtungi.

Sisemi kondishena haifanyi kazi. Inafanya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ingekuwa upuuzi ningeiacha nikapumzika. Vumbi la huku ukilitoa kwa shampuu, mafuta ya nywele nayo yanaondoka, na chanuo linakwama hapo kisogoni mpaka chozi likutoke. Unywele uliolowa una chaji hasi. Kondishena imetiwa viungo vyenye chaji chanya, hivyo vinanasa kwenye unywele, zaidi pale palipochakaa, magamba yanalala na chanuo linapita. Waliotia rilaksa wanaihitaji kuliko mimi, kwa sababu rilaksa ni alkali kali. Lakini kinachonasa ni kidogo tu. Hiyo nyingine uliyoambiwa upake kwa wingi inateremka na maji yako ya kununua kwenda mtaroni. Ya kujaa kiganja, ianzie ncha za nywele, ichanwe fungu kwa fungu, inatosha. Usuuze kwa kopo, na maji yanayoteremka uyakinge kwenye beseni yakamwagwe chooni.

Halafu ile ya kukalia inataka kofia ya plastiki. Zamani tulivaa juala la dukani, bure kabisa, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 28, 2017. Siitetei mifuko, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Lakini karatasi ya mkate ilisalimika, na ndiyo ninayojifunga Jumamosi. Mgeni akibisha hodi, ananikuta nimeandikwa kwenye paji la uso: gramu 400.

Nanyi mnaotengeneza kondishena, msiniambie mambo ya watu wa vichochoroni hayana faida. Paul Kinuthia alianza kwa kukoroga shampuu kwa mkono na kuziuzia saluni za Nairobi; mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ikaja kuinunua chapa ya Nice & Lovely yake. Sisi tuko tayari kununua. Tuleteeni kondishena ya kupimiwa, mtu aende na kikopo chake dukani kama anavyopimiwa mafuta ya kupikia. Maagizo yaandikeni kwa Kiswahili. Na pale penye “maji mengi”, tafadhali, andikeni ni vikombe vingapi.