Babu wa Kwenye Fomu

Tafuta babu Tarime uone. Cheti cha ubatizo kinamwita Yohana, karani wa kodi alimwandika Chacha, na kaburi lenye jina la Marwa liko Kenya, kwa hisani ya mpaka ambao Wajerumani na Waingereza waliuchora mwaka 1886 bila kumuuliza Mkurya yeyote. Shangazi wa Mugumu naye anaapa kwamba mzee alikuwa Mngoreme. Mwaka wa kuzaliwa ndio usiseme: wazee wanalijua rika lake tu, Abamaina, nalo lina wanaume wa kujaza uwanja.

Hapo karani wa kujaza fomu ya ukoo bado anatabasamu. Ngoja afike kwenye nyumba ntobhu, ambako bibi asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mke, apate wa kubeba jina la marehemu mumewe. Fomu inadai jina la baba. Baba alizikwa kabla mama wa mtoto hajazaliwa! Wakurya wanaelewa, kompyuta inagoma.

Ila itangazwe fidia ya ardhi kule Nyamongo. Ukoo mzima unamkumbuka babu siku hiyohiyo, hadi jina la mbwa wake.