Mama Kijani na Baba Njano

Ada ya mwezi ya karate haijawahi kumfilisi mtu. Hicho ndicho chambo. Binti yetu aliporudi kutoka shuleni akirusha mateke hewani, akamwaga chai ya bibi yake, nilipiga hesabu nikaona ada yenyewe haizidi pesa yangu ya vocha. Nikasema hewala. Mzazi gani wa Dar es Salaam hataki binti anayejua kujitetea?

Baada ya ada ikaja sare. Sensei, kijana mpole anayeinama kila anaposalimia, alinishauri kwa huruma: "Chukua kubwa, mzee. Mtoto anakua." Nikachukua kubwa. Suruali ikafagia sakafu, mikono ikamfunika vidole, akawa anapigana na sare kabla ya kupigana na mtu. Ikafuata ada ya uanachama, beji ya kifuani, fundi wa kushona beji, glovu, na kinga ya meno aliyoitafuna ikaisha kabla hajapigwa ngumi hata moja. Vyote vililipwa kwa simu, na ya kutolea juu.

Nilipodhani tumemaliza, ujumbe ukaingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp: mtihani wa mikanda, shilingi 40,000. Nikamfuata sensei.

"Huu mtihani ni lazima?"

"Hapana, mzee. Si lazima hata kidogo."

Nikashukuru, nikakaa kutazama mazoezi. Hapo ndipo nilipoona wanavyojipanga: wenye mikanda ya juu mwanzo wa mstari, weupe mkiani. Asiyefanya mtihani anabaki kule mkiani, pembeni ya kitoto cha chekechea kinachojifuta kamasi kwa mkono wa sare, huku wenzake aliokuja nao wakisogea mbele. Nikaelewa. Mtihani wa mkanda si lazima kwa maana ileile ambayo mchango wa harusi si lazima. Nikatuma. Na ya kutolea.

Usiku ule nilitaka kumjua mtu wa kumlaumu. Nikasoma. Jigoro Kano, mwalimu aliyeasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882, ndiye aliyeleta ngazi za dan na mkanda mweusi. Karate yenyewe, kule Okinawa, ilikuwa ikifundishwa bila vyeo vya mikanda, mpaka Gichin Funakoshi alipouazima utaratibu wa Kano na kuwapa wanafunzi wake dan za kwanza mwaka 1924. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Mkosaji wangu nilimpata Paris: Mikinosuke Kawaishi, mwalimu wa judo anayetajwa sana kwa kueneza mikanda ya rangi huko Ulaya kuanzia miaka ya 1930. Njano, chungwa, kijani, bluu, kahawia, ili mwanafunzi asiye na subira aone kwamba anasonga. Kwa hiyo zile rangi ni dawa ya kukosa subira ya Wazungu wa Paris, na mimi ndiye ninayeinunua, dozi kwa dozi, kutoka Tabata.

Tena ngazi zinahesabiwa kurudi nyuma. Unaanza kyu ya 10, unalipa uwe wa 9, unalipa uwe wa 8, hadi 1. Nyumbani kwangu hakuna kingine kinachoshuka kwa utaratibu huo ila salio.

Siku ya mtihani akaja mtahini mgeni, pamoja na mchango wa chakula chake. Binti akaitwa kuonyesha kata ya Heian Shodan, mfuatano wa miondoko ambao mwalimu Anko Itosu aliutunga kwa ajili ya watoto wa shule wa Okinawa. Ina hatua 21. Nikagawanya kimoyomoyo: karibu shilingi 1,900 kwa hatua. Kwa hiyo alipogeukia upande usio wake na kuwatandika ngumi hewani wazazi wote wa benchi la mbele, mimi niliona zile hela tu zikipita. Chini ya dakika moja akamaliza. Mtahini akaandika kwa muda mrefu kuliko kata yenyewe, akatangaza matokeo. Wote wamefaulu. Nikaruka kushangilia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jumamosi iliyofuata ndipo nilipogundua tulichokinunua. Nilipofika, mama mmoja ambaye hakuwahi hata kuniitikia salamu alijisogeza, akanipisha katikati ya benchi. "Karibu, Baba Njano." Yeye ni Mama Kijani. Baba Bluu na Mama Kahawia hukaa mwanzo kabisa, penye kivuli na feni. Tumejipanga vilevile kama watoto, na hakuna aliyetuamuru. Mkanda anafungwa mtoto. Anayepandishwa daraja ni mzazi. Binti yangu, kwa taarifa yenu, hajui hata mkanda wake uko wapi siku nyingi za wiki.

Siku moja bibi yake alijua ulipo. Mama mkwe wangu hapendi kuona kitu chenye jasho, akautumbukiza kwenye ndoo moja na sare na kanzu yangu ya Ijumaa. Rangi ilikuwa na bidii kuliko mwenye mkanda. Ijumaa nikaingia msikitini, Baba Njano kuanzia kola hadi upindo. Sensei alisikitika sana. Mkanda haufuliwi, akanieleza, kwa sababu ndani yake mna jasho la mafunzo. Na sare ya mtihani ujao lazima iwe nyeupe, kwa hiyo tununue nyingine. Kubwa.

Mtihani ujao wenyewe haukuwa wa chungwa. Ulikuwa wa mstari. Kati ya njano na chungwa, klabu yetu imeweka kituo: utepe mweusi mwishoni mwa mkanda, uleule ambao fundi umeme hufungia nyaya. Dukani nauziwa shilingi 1,000 rola nzima.

Nikamuuliza sensei kama mkanda mweusi ndio mwisho wa safari. Akatabasamu kwa upole ule ule wa kunichagulia sare. "Mwisho? Hapo ndipo karate inapoanza, mzee." Baada ya kyu zote zinakuja dan, na hizo zinahesabiwa kupanda. Sikuuliza ada zake zinahesabiwa kuelekea wapi.

Wiki hii amekuja baba mgeni. Mwanawe yuko mkiani mwa mstari, anajifuta kamasi. Yule baba aliangaza huku na huku, akaniona mtu wa makamo, akaja kuninong'oneza: eti mtihani ni lazima?

"Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. "Si lazima hata kidogo." Kisha nikamwonyesha nafasi ya kukaa, kule mwisho wa benchi, karibu na mlango wa choo.