Kahawa, Mvua na Kiingereza Sanifu

Amri ilitolewa na shemeji, mume wa dada yangu, baada ya chakula cha jioni: kuanzia kesho hadi siku ya mtihani, hakuna Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, hakuna Kiswahili, nyumba nzima ni Kiingereza. Masika, binti yake wa kwanza kama jina lenyewe linavyosema, alikuwa darasa la saba, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, hufanyika mapema Novemba. Oktoba ilikuwa imeshaingia. Atakayevunja amri atavaa kibao shingoni. Shemeji alikichonga mwenyewe, mfano wa kile alichovalishwa shuleni utotoni. Vibao vya namna hiyo Ngũgĩ wa Thiong'o alivieleza katika kitabu chake cha 1986, akikumbuka shule za Kenya za wakati wa mkoloni. Wavalishaji wameondoka, kibao kimebaki.

Nilikuwa nimepanda Kyarumba kutoka Bwera kumsaidia dada kuvuna kahawa, kwa hiyo amri ilinihusu na mimi. Ilimhusu hata bibi, mama yake shemeji, ambaye Kiingereza chake ni salamu moja tu. Kibao kilimwangukia asubuhi ya kwanza, kabla chai haijachemka. Alikivaa, akaenda nacho shambani, akarudi nacho jioni. Nyumba ikawa kimya. Wadogo zake Masika walitaka chumvi kwa kuinyooshea kidole.

Simlaumu shemeji kwa hofu yake. Karatasi ya Kiingereza huja alasiri ya siku ya pili, kwa muda wa saa mbili na robo, alama 100. Nusu yake ni maswali 50 mafupi: wingi wa neno, kirefu cha kifupisho, kitenzi kikae katika wakati gani. Humo humo zimo sentensi za kuandika upya bila kubadili maana, na hapo ndipo watoto wetu huteleza. Mtoto anapewa sentensi mbili nyepesi, anaambiwa aziunganishe kwa kuanza na "No sooner". Kitenzi kisaidizi lazima kitangulie mtenda, na katikati liingie "than". Akiweka "when" amekosa, kwa sababu hiyo huandamana na "Hardly". Hakuna anayezungumza hivyo Kyarumba, sokoni wala kanisani. Na kwa mtaala ulioanza 2007, mtoto husoma kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu, la nne ni la kuvukia, halafu masomo yote ni Kiingereza. Naunga mkono kuanza na lugha ya nyumbani kwa moyo wangu wote. Kinachoniuma ni kwamba Masika anakwenda na dada soko la Mpondwe, anapatana bei na Wakongo kwa Kiswahili bila kukwama, na hakuna karatasi ya mtihani huo inayomuuliza chochote juu ya hilo.

Basi Jumamosi kahawa ilikuwa imeanikwa uani kwenye turubali, arabika ya maganda, imebakiza siku chache kukauka. Masika aliachwa ailinde. Shemeji alikuwa ndani akisahihisha mazoezi ya binti yake. Mvua ikavuka kilima cha pili, nyeupe, na kuku wakakimbilia jikoni. Masika akaingia mbio.

"Father, the rain..."

"Sentensi kamili," baba yake akasema kwa Kiingereza, bila kuinua macho.

Mtoto akasimama. Nilimwona midomo ikicheza: inakuja, huja, imekuja? Jikoni bibi, kibao shingoni, alikuwa akipiga makofi na kuelekeza mkono nje. Mwisho alipiga ukelele kwa Lhukonzo, na nyumba nzima ikatoka. Tulikuwa tumechelewa. Maji yalikuwa yameshapita chini ya turubali, na kahawa inateremka kuelekea migombani. Tulizoa kwa beseni, kwa masufuria, kwa kanga ya dada, na aliyekuwa akiamrisha kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa Lhukonzo safi, alikuwa shemeji.

Kahawa iliyokaribia kukauka ikilowa tena huota ukungu, na mnunuzi anataka unyevu usiozidi asilimia 12 au karibu na hapo. Dada aliitandaza upya, akasema jambo moja tu: hiyo ilikuwa karo ya sekondari. Shemeji alimvua mama yake kibao kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akakitia motoni chini ya birika.

Usiku ule mazoezi yaliendelea, ila kwa namna nyingine. Bibi alisimulia mkasa wa mchana kwa Lhukonzo, Masika akaandika kwa Kiingereza, na baba yake akasoma nyuma ya bega lake. Ikazuka kazi, maana Kiingereza kinataka kujua kipi kilitangulia.

"Bibi, kuku waliingia kabla mvua haijaanza, au ilikuwa imeshaanza?"

"Kuku walitangulia."

Masika akaandika. Shemeji akatikisa kichwa kukubali.

"Na mbuzi?"

Bibi akafikiri. Mbuzi, alisema, alikuwa bado amefungwa mvuani, na yeye angependa kujua ni nani aliyekwenda kumfungua, kwa sababu tangu jioni hajamsikia.