Sauzi Bila Viza: Mambo Tisa, Kuanzia Begi Hadi Tarehe

Tangu tarehe 1 Januari 2023, Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaingia Afrika Kusini bila viza na kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Habari hiyo ilitangazwa Nairobi Novemba 2022, Rais William Ruto alipompokea mwenzake Cyril Ramaphosa. Watanzania walikuwa wameshaizoea ruhusa ya namna hiyo. Basi vijiweni, kuanzia Kariakoo hadi Eastleigh, kauli ni moja: “Sauzi siku hizi ni pasi tu.”

Pasi tu? Taratibu, mwenzangu. Viza imeondoka, maswali yamebaki. Zamani uliulizwa ubalozini. Sasa unaulizwa kwenye dirisha la uhamiaji la uwanja wa ndege wa O.R. Tambo au la mpaka wa Beitbridge, macho mazito kwa usingizi na begi limekulemea. Ukikataliwa ubalozini unarudi nyumbani kwa daladala. Ukikataliwa dirishani unarudi kwa ndege, na mtaani wameshakuaga.

Nami nataka uende. Nataka upande Table Mountain, uvuke kwa boti hadi Robben Island, ule kota, ule mkate uliojazwa, pale Soweto kwa mikono miwili. Kwa hiyo tuhesabu kurudi nyuma, tukianza na jepesi na kumalizia na lile linalowafungia watu mlango.

9. Asali ya Tabora ibaki Tabora

Najua binamu yako wa Pretoria ameiomba, tena kwa kukukumbusha kila Jumapili. Afrika Kusini haipokei asali bila kibali cha wizara ya kilimo, kwa hofu ya magonjwa ya nyuki. Nyama mbichi, mbegu, miche na matunda nayo yanataka kibali. Mpelekee khanga. Khanga haina mdudu, haivuji, na hakuna afisa atakayeichoma.

8. Usifiche fedha kwenye soksi

Noti za rand unazoruhusiwa kuingia nazo hazizidi R25,000 kwa mtu mmoja. Fedha za kigeni, ukiwa nazo nyingi, zitangaze forodhani. Afisa wa forodha hana ugomvi na dola zako. Ugomvi wake ni na zile alizozikuta mwenyewe.

7. Pasi yenye uhai na yenye nafasi

Sharti la kwanza: pasi iwe hai kwa siku zisizopungua 30 baada ya siku unayotarajia kuondoka kule. La pili: iwe na kurasa mbili tupu. Wa ndege watapita hapa bila jasho. Wa basi, sogeeni karibu.

Chukua safari ya Dar hadi Johannesburg kwa barabara. Unagongewa muhuri wa kutoka Tunduma, wa kuingia Nakonde, wa kutoka Zambia na wa kuingia Zimbabwe pale Chirundu, kisha wa kutoka Zimbabwe na wa kuingia Afrika Kusini pale Beitbridge. Mihuri sita, na hiyo ni kwenda tu. Mkenya aongeze ile ya Namanga. Pasi iliyobakiwa na ukurasa mmoja itakuwa imechoka kabla ya dereva.

Na wewe uliyezoea kwenda Kampala na Kigali kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ambao Kenya, Uganda na Rwanda wameufuata tangu 2014, ujue kitambulisho hicho hakivuki Mto Limpopo kuingia Sauzi.

6. Tiketi ya kurudi, au ya kuendelea mbele

Mtu wa kwanza kukukagua kwa niaba ya uhamiaji wa Afrika Kusini amekaa Jomo Kenyatta au Julius Nyerere, na amevaa sare za shirika la ndege. Usimnunie anapoomba tiketi ya kurudi. Abiria akikataliwa kule, shirika lililomleta ndilo linalobebeshwa mzigo wa kumrudisha, kwa hiyo mhudumu huyo anakukagua kwa uchungu wa mwenye mali.

Tiketi ya Johannesburg kwenda Cape Town haihesabiki. Hiyo ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile. Inayotakiwa ni ile inayokutoa nchini.

5. Unalala wapi, na unakula nini

Sheria inamtaka mgeni aonyeshe kwamba anaweza kujikimu. Taarifa ya benki, kadi au fedha taslimu, pamoja na karatasi ya hoteli au barua ya mwenyeji. Ni jambo dogo mpaka uyasikie mazungumzo ya dirishani:

“Unafikia wapi?”
“Kwa rafiki.”
“Anaitwa nani?”
“Huwa tunamwita Mkubwa.”
“Anakaa wapi?”
“Atanipokea.”

Mkubwa huenda ni mtu mwema kweli, na yuko nje ya mlango wa wageni ameshika bango. Lakini afisa hana la kuandika. Beba jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, anwani ya nyumba na namba ya simu, na uandike kwenye karatasi. Simu huzimika chaji foleni inapokufikia, na ndani ya ukumbi ule usitegemee intaneti.

4. Mtoto ana makaratasi yake

Hapa utani upungue kidogo. Juni 2015 Afrika Kusini ilianza kudai cheti kamili cha kuzaliwa, chenye majina ya wazazi, kwa kila mtoto anayevuka mpaka wake. Lengo lilikuwa kuzuia wizi wa watoto, lengo ambalo hakuna mzazi atakayelipinga. Familia nyingi zilikwama, wafanyabiashara wa utalii wakalia, na baadaye masharti yakalegezwa kwa watoto wageni wanaosafiri na wazazi wao.

Mtoto anayesafiri bila wazazi hakulegezewa. Anahitaji idhini ya maandishi ya wazazi na mawasiliano yao, barua ya mtu atakayempokea yenye anwani, na nakala ya kitambulisho au pasi ya mpokeaji huyo. Kama anasafiri na mzazi mmoja, ushauri wangu ni kubeba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili, hata kama hakuna aliyekuomba. Shangazi, kusema “huyu ni wangu, tazama pua” hakujapata kuwa ushahidi mpakani.

3. Kijitabu cha njano

Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanaijeria 125 ikidai vyeti vyao vya chanjo ya homa ya manjano vilikuwa na kasoro. Nigeria nayo ikaanza kuwarudisha Wasauzi. Haikupita wiki, Pretoria ikaomba radhi rasmi. Kijitabu kinachoingia mfuko wa shati kiligombanisha mataifa mawili makubwa ya bara hili. Kiheshimu.

Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa hiyo, hivyo kila anayetokea huko, akiwa na umri wa mwaka mmoja na kuendelea, anatakiwa kuwa na cheti. Na cheti hakianzi kufanya kazi siku unayochomwa; kinaanza siku ya 10. Ukichomwa sindano Jumatatu na kuruka Ijumaa, una maumivu ya bega tu. Kwa upande wa heri, tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote. Kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10 kingali halali, usikitupe.

Mtanzania, usicheke bado. Nchi yako haimo kwenye orodha hiyo, na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar haina neno. Lakini wengi hukimbilia tiketi ya bei nafuu inayopitia Nairobi, Addis Ababa au Entebbe, na nchi zote tatu zimo. Ukisubiri uwanjani hapo zaidi ya saa 12, unahesabiwa kama mtu aliyetoka huko. Ile nafuu ya tiketi ndiyo inayokuuliza kijitabu. Angalia saa za kusubiri kabla ya kulipa, au chanjwa mapema umalize mambo kwa maisha yako yote.

2. Umekwenda kutembea, tembea

Ruhusa hii ni ya kutalii, kuwasalimu ndugu, kuhudhuria mkutano, kutazama bidhaa na kupatana bei. Kuajiriwa hakumo. Kufungua kibanda Hillbrow, Johannesburg, hakumo. Na mlango wa kuingia kama mgeni kisha kubadilisha ukiwa ndani ili upate kibali cha kazi umebanwa tangu kanuni za 2014: kibali cha kazi kinaombwa ukiwa kwenu.

Afisa anaweza kukuuliza unakwenda kufanya nini, na begi lako linaweza kujibu kabla yako. Mtalii wa siku saba mwenye vyeti halisi vya chuo, barua za waajiri wa zamani na viatu vya ujenzi ana maelezo marefu ya kutoa.

Najua kwa nini vijana wanajaribu. Neno kuzamia ni la zamani kwetu, na kila mtaa una mtu aliyezamia Sauzi akarudi na gari, naye ndiye anayesimuliwa. Yule aliyefanya kazi miezi bila kulipwa hasimuliwi, kwa kuwa hakurudi na kitu cha kuonyesha. Mwajiri anayejua huna kibali ndiye anayekupunja bila wasiwasi: anajua huwezi kwenda polisi wala kwenye chama cha wafanyakazi. Mdogo wangu, ukitaka kazi ya Sauzi, ianzie kwenye dirisha la maombi huku nyumbani. Ni njia ndefu, na karatasi zake zinachosha, lakini ukinyimwa mshahara utakuwa na pa kushtaki.

1. Tarehe iliyo kwenye muhuri

Hapa ndipo watu wazima wenye akili zao huharibikiwa, wengi wakiwa wametimiza yote manane yaliyotangulia.

Siku 90 ni kikomo cha juu. Afisa hukupa siku kulingana na safari uliyomweleza, na tiketi ya kurudi ya wiki moja inaweza kukupatia wiki moja tu. Kwenye muhuri kuna tarehe ya mwisho ya kukaa kwako. Isome ukiwa bado umesimama dirishani, kabla ya kuita teksi na kabla ya kupiga picha ya “tumefika”. Kama hailingani na safari yako, muulize afisa kwa adabu palepale, tiketi ikiwa mkononi. Ukishalipita dirisha, tarehe hiyo ni yako.

Halafu hesabu siku. Miezi mitatu si kipimo. Aliyeingia tarehe 1 Julai akapewa siku 90 kamili, akajipangia kuondoka tarehe 1 Oktoba, amepitiliza. Julai ina siku 31, Agosti 31, na siku ya 90 inaangukia tarehe 28 Septemba. Pia siku hizo ni za mwaka, hazijazwi upya kila unapoingia. Uliyetumia 60 kwenye harusi ya dada, umebakiwa na 30 za kwenda kumwona mtoto. Ule ujanja wa kuvuka Lesotho kunywa chai na kurudi jioni ili siku zianze upya, uache. Maafisa waliufahamu kabla hujazaliwa.

Zamani aliyepitiliza alilipa faini na kuondoka. Utaratibu huo ulikwisha Mei 2014. Sasa mtu hutangazwa kuwa asiyetakiwa nchini, na anapewa karatasi yake mpakani wakati anatoka. Ukipitiliza kwa siku zisizozidi 30, umefungiwa miezi 12. Ukirudia kosa ndani ya miezi 24, miaka 2. Ukipitiliza kwa zaidi ya siku 30, miaka 5. Hakuna cha kulipa ili usamehewe, hakuna wa kumwomba uwanjani. Miaka 5 ni mtoto aliyeachwa akitambaa, kumkuta anasoma.

Ugonjwa hutokea, ndege huahirishwa, msiba haupigi hodi. Likikupata lolote la namna hiyo, dai karatasi: barua ya daktari yenye tarehe, ujumbe wa shirika la ndege, cheti cha kifo. Zihifadhi pamoja na pasi, kwa sababu aliyefungiwa ana siku 10 za kazi tu za kukata rufaa, na zinaanza kuhesabiwa tangu alipokabidhiwa karatasi ile.