Malaika Mbele ya Baba Mkwe

Wako watu, na miongoni mwao wamo wajuzi wa muziki wenye heshima zao, waaminio kwamba wimbo hukamilika siku ile ulipotiwa katika santuri ya kwanza, na kwamba kila auimbaye baada ya hapo ni mwizi au, akipewa nafuu, ni mwanafunzi asiyehitimu. Mimi simo katika madhehebu hayo. Nyimbo nizipendazo kupita kiasi ni zile zilizokwisha kupita vinywani mwa watu wawili watatu, zikapoteza maneno njiani, zikaokota mengine, zikafika kwetu zikiwa zimevaa nguo zisizo zao. Na aonaye haya kuungama mapenzi ya namna hii na akumbuke kwamba tusimamapo wima kuimba Mungu Ibariki Afrika, tunaimba mahadhi aliyoyatunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, ambayo Zambia nayo iliyachukua ikayatilia maneno yake, wala hakuna aliyeitwa barazani kwa ajili hiyo. Hata pwani, ambako watu hawakubali kirahisi kuwa wameazima kitu kwa mtu, Juma Bhalo wa Mombasa alisifika kwa kuyavisha mahadhi ya sinema za Kihindi mashairi ya Kiswahili safi. Na Bi Kidude, hadi uzeeni mwake, alizirudia nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri.

Ngara na Biharamulo zimekaa mahali pa neema kwa maradhi haya. Barabara itokayo Lusahunga kuelekea Rusumo hupitisha malori ya kwenda Rwanda na kwingineko, na kila dereva huteremka kula akiwa na muziki wa kwao. Na Redio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wameijaa wilaya ya Ngara, imetuzoesha kusikia lugha kadhaa kabla ya chai. Basi kijana wa Kihangaza huweza kuimba Kilingala asubuhi na Kihaya jioni, asielewe hata kimoja, na bado akatoa machozi mahali panapostahili.

Mfano wa Salome unatosha. Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliutoa wimbo wake Maria Salome mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukatikisa nchi nzima. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akifuatana na Rayvanny, akauchukua akaufanya upya kwa mitindo ya kileo. Niliwahi kupanda gari la abiria Biharamulo, nikielekea Ngara, ambamo dereva alikuwa na huo wa Diamond peke yake, na kwa taksiri ya mashine yake ukawa kila ukiisha hurudi mwanzo. Bibi mmoja wa Kihaya, aliyeketi nyuma ya dereva na mkungu wa ndizi miguuni, alivumilia kwa adabu ya wazee hadi uvumilivu ukamwishia, akaanza kuuimba wa Saida juu ya ule wa Diamond, kwa mwendo wake mwenyewe, bila kujali kwamba ngoma mbili haziendi safari moja. Abiria wakagawanyika. Kondakta, aliyetamani kuwa kadhi, alihukumu kwamba bibi aimbe kwenye miteremko na mashine iimbe kwenye milima. Lakini tulipokuwa hatujafika Nyakahura mashine ikazimika yenyewe, na gari zima, wakiwamo walioitetea, likamwitikia bibi kwa Kihaya cha kubuni. Bibi aligeuka mara moja tu kutazama ni nani aliyetamka neno lile, kisha akaendelea. Ule kwangu ni Salome bora kuliko zote mbili zilizotangulia.

Walakini sultani wa nyimbo zirudiwazo ni Malaika. Ulitiwa santurini na Fadhili William wa Kenya miaka ya 1960, na daawa ya nani hasa aliyeutunga haijapata kwisha, kwa maana wengi humtaja Adam Salim. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965, Boney M. wakautia mdundo wa disko mwaka 1981; Angélique Kidjo wa Benin naye akauimba. Kinachonishangaza ni kwamba wimbo huu ni malalamiko ya mwanamume aliyeshindwa kuoa kwa sababu ya ukata, ilhali hakuna arusi, tangu Mombasa hadi Kabanga, isiyoupiga, tena bwana arusi akiwa ameketi pale pale na suti ya kuazima.

Malaika niupendao kuliko wote niliusikia katika arusi moja wilayani Ngara. Wapigaji walikuwa watatu: mwimbaji, mpiga kinanda ambaye kitufe kimoja cha kinanda chake kilishikiliwa na plasta ya kidonda, na kijana wa kutia mafuta katika jenereta. Kila jenereta ilipopungukiwa na nguvu wimbo ulishuka, na mwimbaji, kwa uungwana, alishuka nao mpaka sauti yake ikawa ya chini kuliko ya baba yake. Alipofika mahali ambapo mwenye wimbo aungama kwamba mali imemshinda, na alipalalamikia kwa huzuni ya kweli, jenereta ikazimika, na turubai zima likanyamaza.

Sasa mahari ya bibi arusi ilikuwa ng'ombe watatu, na waliokwisha kufika walikuwa wawili. Wa tatu, mtamba, alikuwa ameahidiwa baada ya kahawa kuuzwa.

"Mshenga," akasema baba mkwe bila kugeuza shingo, "huyo kijana amesemaje?"

"Ni wimbo tu, mzee wangu."

"Sijauliza kama ni wimbo. Nauliza ni nani aliyeuagiza, leo, mbele yangu, nami mtamba wangu sijamwona."

Mshenga, ambaye jasho lilikuwa limekwisha kuuvuka ukosi wa shati, alieleza kwamba wimbo ni wa zamani, wa Fadhili William, na kwamba hata Wamarekani wameuimba.

"Na huyo Fadhili," akauliza mzee, "alikuwa akidaiwa wangapi?"

Wazee wa pande zote mbili wakajitenga nyuma ya nyumba kuizungumza kadhia upya. Ikasadifu kwamba wakati ule ule jenereta ikawaka, na mwimbaji, aliyekuwa mtu wa kutimiza wajibu, akauanza Malaika toka mwanzo, kwa huzuni iliyozidi ya kwanza, kwa sababu mara hii alikuwa na hadhira inayomsikiliza kweli kweli. Shangazi wa bibi arusi akamwendea na kumnyang'anya kipaza sauti. Akaamuru upigwe wimbo wowote usiotaja mali, wala ndoa, wala umaskini. Wapigaji wakashauriana kwa muda mrefu, kwani masharti haya huondoa karibu nyimbo zote za dunia, ndipo wakauangukia Jambo Bwana, ule wa Them Mushrooms wa Mombasa wa mwaka 1982 ambao Boney M. nao waliuchukua mwaka uliofuata, wimbo uwahakikishiao wageni kwamba hapa hakuna tatizo la aina yoyote.

Ulipigwa mara tatu mfululizo mpaka wazee wakatokea. Baba mkwe aliingia uwanjani akicheza, mkono mmoja juu, na mkono wa pili ukiwa umeishika karatasi iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili, yenye tarehe ya kufika kwa mtamba.